Fundi wa miti, ada ya chama na hesabu ya nyumbani

Katika kata ya Litumbandyosi, wilayani Mbinga, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya mkoa wa Ruvuma, kazi ya kuhudumia miti haina duka wala kibao. Anayeifanya hujulikana kwa jina lake na kwa vifaa alivyobeba begani: panga, msumeno, mkasi wa kupogolea, ngazi na kamba. Msimu wa kahawa ukiisha huitwa kupogoa mibuni na kuondoa maotea. Mvua zikikaribia huitwa kukata tawi la mwembe lililolalia bati la nyumba. Nyuma ya nyumba yake, au kwa jirani aliye karibu na maji, pana kitalu cha viriba: migrevilea ya kivuli, misindano, mikaratusi, na siku hizi miparachichi ya kubebesha. Mara nyingi kitalu hicho hunyweshwa na mama wa nyumba pamoja na watoto, ilhali sifa humwendea baba.

Mtu wa namna hii, ndugu msomaji, hufikiwa mapema au baadaye na swali moja. Hulisikia kwa mwenyekiti wa kikundi, kwa ofisa wa halmashauri, au kwa mwenzake wa kazi: mbona wewe hujajiunga na chama? Swali hili ni la familia nzima, kwa kuwa kiingilio na ada hutoka katika fungu lile lile linalonunua sare za shule na mafuta ya kupikia.

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuseme kiingilio ni shilingi 10,000, hisa ni shilingi 20,000 na ada ya mwaka ni shilingi 12,000. Jumla ni shilingi 42,000 kwa mwaka wa kwanza. Ikiwa fundi hulipwa shilingi 7,000 kwa siku, hizo ni siku sita za kupanda na kushuka ngazi. Ana haki kamili ya kuuliza siku hizo sita zitamrudishia nini, na mkewe ana haki ya kuuliza kabla yake.

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kwanza kuitazama tabia ya kazi yenyewe. Anayenunua samaki pale Mbamba Bay hufunua shavu, akatazama wekundu wake, akajua kama amevuliwa leo au juzi. Kazi ya miti haikaguliki hivyo. Mche wa mparachichi uliobebeshwa vizuri na ule ulioungwa ovyo hufanana siku ya kuuzwa. Tofauti huonekana baada ya miaka mitatu hivi, wakati mmoja unatoa maua na mwingine umesimama kama mti wa kivuli. Mbuni nao huzaa kwenye matawi yaliyokua msimu uliotangulia. Anayekata bila kujua hilo huondoa mavuno ya mwakani kwa mkasi mmoja, na mwenye shamba humlipa, humshukuru na kumpa chai. Atakapogundua hasara, fundi yule atakuwa tayari kwenye shamba la mtu mwingine.

Kwa hiyo siku ya malipo fundi hodari na fundi mbovu ni sawa. Na wakiwa sawa machoni pa mteja, mteja humchukua wa bei ya chini. Hapo ndipo yule hodari anapoumia: ujuzi wake haumletei hata shilingi mia ya ziada, ila kwa wale wachache waliokwisha kuona mibuni yake ikizaa. Shahidi wake ni miti, na miti huchukua miaka kutoa ushahidi.

Hii ndiyo haja ya msingi ambayo chama kinaweza kuitimiza, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndiyo inayoamua kama chama kina thamani au hakina. Chama cha kazi kinachostahili jina hilo hukumbuka. Hujua nani alipogoa shamba gani, na shamba hilo lilizaaje. Humwambia mteja: huyu ni wetu, na akikuharibia, tuulizeni sisi. Chama kisichoweza kusema maneno hayo kinauza kadi tu.

Wenzetu wa mbali waligundua jambo hili zamani. Nchini Marekani, watu wa miti ya mijini walikutana katika jimbo la Connecticut mwaka 1924, na mkutano ule ndio uliokua ukawa jumuiya ya kimataifa ya watunza miti, inayojulikana kwa kifupi kama ISA. Tangu mwaka 1992 jumuiya hiyo imekuwa ikitoa cheti kwa fundi mmoja mmoja. Hapewi kwa sababu amelipa ada, bali kwa sababu amefaulu mtihani, na cheti hudumu miaka mitatu tu; baada ya hapo lazima aonyeshe kwamba ameendelea kusoma. Uingereza kuna chama chao kilichoundwa mwaka 1964, ambacho hukagua kazi za makampuni kabla ya kuyaweka katika orodha ya yanayokubalika. Hatusemi Litumbandyosi ifanane na Connecticut. Tunasema tu kwamba hata huko kwenye fedha nyingi, kilichowapa wanachama heshima ni ukaguzi.

Kumbukumbu ya Mbinga

Mtu wa Mbinga akisitasita kulipa kiingilio, asiitwe mjinga wala bahili. Ana kumbukumbu, na nyingine zinauma.

Ushirikiano wenyewe si mgeni katika milima ile. Wamatengo wanajulikana ulimwenguni kwa kilimo chao cha ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia udongo kuchukuliwa na maji. Lakini nyuma ya ngolo kulikuwa na ngokela, kazi ya pamoja ya shamba kwa shamba, na sengu, baraza la ukoo ambamo watu walikula pamoja na kuzungumza mambo yao. Hapakuwa na kiingilio. Aliyekwepa zamu alijulikana, maana alikuwa anakula chakula kile kile na wenzake jioni.

Ushirika wa kuandikishwa ulifika baadaye. Chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo, kilichofupishwa kuwa NGOMAT, kiliundwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote na mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na Mbinga ikapata chama chake kikuu cha kahawa, MBICU. Kwa wakulima wengi MBICU ilikuwa ndiyo mbolea na ndiyo dawa: walichukua pembejeo kwa mkopo, wakakatwa kahawa ilipouzwa.

Soko la kahawa likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994. Wanunuzi wapya walikuja na fedha taslimu, na watu wakafurahi, lakini fedha zile hazikuja na mbolea wala dawa ya chulebuni. MBICU ilishindwa kusimama, ikaanguka katika miaka hiyo hiyo ya 1990, na mfumo wa mkopo wa pembejeo ukaanguka nayo. Mibuni mingi ikakosa dawa, ikakosa mbolea, na isiyotarajiwa kuzaa haikuonekana kustahili gharama ya kupogolewa. Hili fundi wa miti alikumbuke. Kuanguka kwa chama cha wakulima kulimnyima na yeye kazi, hata kama hakuwa mwanachama na hakuwahi kuhudhuria mkutano wake mmoja.

Baadaye vilikuja vikundi vidogo vya wakulima, baadhi yao chini ya chama cha kahawa bora cha KILICAFE kilichoanzishwa mwaka 2001. Kisha mwaka 2018 serikali ikaelekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na hali ikageuka tena. Mkulima mwenye umri wa miaka sabini leo ameona chama kikivunjwa, kikirudishwa, kikianguka na kurudi tena kwa jina jingine. Mwanawe akimwambia, "Baba, nimejiunga," mzee ana sababu ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Lakini katika wilaya hiyo hiyo kuna kumbukumbu nyingine, tena ya miti. Kati ya mwaka 1999 na 2004 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kikisaidiwa na shirika la Kijapani la JICA, kilifanya kazi katika kijiji cha Kindimba. Wanakijiji walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kamati yao ikachukua jina la lile baraza la zamani, Sengu. Mashine ya maji ina jambo moja zuri: inamfundisha mtu thamani ya chanzo cha mto bila mahubiri. Kijito kikipungua, unga hausagiki. Vikundi vya kuotesha na kupanda miti vikaongezeka, kila kimoja na kitalu chake. Kindimba inatuonyesha kwamba watu hawa hawakuchoka na umoja. Walichoka na umoja ambao daftari lake liko mbali nao.

Chama cha mwenye shamba na chama cha fundi

Kuna kosa la kufikiri ambalo huleta mkanganyiko mkubwa, nalo ni kudhani kwamba kila chama chenye neno miti au kahawa ni chama cha fundi wa miti. Sivyo. AMCOS ni chama cha mwenye zao. Mwenye shamba anataka kupogolewa mibuni yake kwa bei nafuu. Fundi anataka alipwe jasho lake. Wanahitajiana, nao si maadui, lakini pale mezani kila mmoja ana upande wake. Fundi asiye na shamba la kahawa akijiunga na AMCOS kwa tumaini la kutetewa bei ya kazi yake, ameingia katika mkutano wa wateja wake.

Hali ni hiyo hiyo kwa vyama vya wapanda miti. Mwaka 2014 ilianza programu ya Panda Miti Kibiashara, kwa ushirikiano wa serikali yetu na ya Finland, katika nyanda za juu kusini, na wilaya ya Nyasa kule ufukweni ilikuwa miongoni mwa zilizohusika. Wapanda miti walijiunga katika vyama vya vijiji, na vyama hivyo vikaungana katika umoja wa kitaifa unaoitwa TTGAU. Kwa mwenye ekari tatu za misindano hilo ni jambo la maana: mbegu bora, ushauri wa kupunguza miti shambani, na sauti moja mbele ya mnunuzi wa magogo anayependa kununua miti michanga kwa mtu mwenye shida ya ada ya shule. Mwenye kitalu naye anaweza kunufaika, kwa kuwa wanachama wale ndio wanunuzi wa miche yake. Ama anayepanda juu ya miembe ya watu na msumeno, chama kile hakikuundwa kwa ajili yake. Vivyo hivyo TAHA, jumuiya ya kilimo cha bustani iliyoanzishwa mwaka 2004 na yenye makao yake Arusha: ina maarifa mengi kuhusu parachichi na masoko, na mwenye kitalu cha biashara afuatilie mafunzo yake, mpogoaji wa mibuni michache ya jirani hana haraka nayo.

Kinachomfaa fundi mdogo, basi, ni kikundi cha mafundi wenyewe. Watu wanane, kumi, kumi na watano wa kata moja au mbili: wapogoaji, wenye vitalu, wakata matawi, wanawake kwa wanaume. Kikiwa kikundi cha kiuchumi, huandikishwa halmashauri kupitia ofisa maendeleo ya jamii. Kikikua na kutaka kuwa ushirika kamili, kipo chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na hapo Mrajis ana mamlaka nacho na vitabu vyake hukaguliwa. Kikundi kama hicho ndicho kinachoweza kwenda kwa AMCOS na kusema: wanachama wenu wana mibuni mingi iliyozeeka, tupeni kazi ya vijiji viwili kwa bei moja, nasi tutarudi mwakani kukagua. Mtu mmoja na panga lake hawezi kutoa ahadi ya kurudi mwakani. Akiugua, ahadi imekufa.

Milango inayofunguka kwa kikundi

Wapo wanaojiunga kwa sababu ya mkopo, na hapa pana jambo ambalo familia za Kiislamu zinapaswa kulifahamu vizuri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya dosari nyingi katika utoaji na urejeshaji, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa mama anayetaka viriba elfu mbili, mbegu na tangi la maji, na ambaye dhamiri yake haimruhusu kusaini mkopo wa riba, huu ni mlango wa halali ambao umekuwa wazi kwa kikundi.

Tuseme na la pili, maana wapo wanaochanganya. Kuwa mwanachama si lazima kuwe kukopa. Mtu anaweza kuwa na hisa katika chama, akahudhuria, akapiga kura, akauza kupitia chama, na asiguse mkopo wowote wenye riba. Kama kikundi kinataka kuanzisha mfuko wake wa kukopeshana, huo ndio wakati wa kukaa na mwanachuoni wa eneo kabla ya kuandika katiba. Katiba ikishapitishwa na fedha zikishaanza kuzunguka, kuibadili ni kazi ya ugomvi.

Mlango mwingine ni zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za serikali kwa makundi maalumu, yakiwemo ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na maombi siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Shule hununua miche. Zahanati na ofisi zina miti inayotishia mapaa. Fundi binafsi asiye na usajili, hata awe bingwa, hayumo katika hesabu hiyo. Ni kweli kwamba kujaza fomu za mtandao kutoka kijijini kuna adha yake. Lakini katika watu kumi hakosekani kijana mmoja wa kidato cha nne mwenye simu na subira.

Mafunzo pia. Mbinga ina kituo kidogo cha taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kule Ugano. Taasisi hiyo ilitoa aina za kahawa chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na miche yake ilienezwa kwa kiasi kikubwa kupitia vikundi vya wakulima vilivyoanzisha bustani mama. Mtafiti hawezi kumtembelea kila mwenye viriba mia mbili. Akiitwa na kikundi, siku moja inawatosha watu kumi na tano. Mafinga nako kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, ambako matumizi salama ya msumeno wa mnyororo hufundishwa. Nauli kutoka Litumbandyosi hadi Mafinga ni mzigo kwa mtu mmoja; kikundi kinaweza kumchangia mmoja akaenda, kwa sharti kwamba akirudi awafundishe wengine. Sharti hilo liandikwe.

Litumbandyosi ina haja yake ya pekee. Jina hilo hutajwa pamoja na Gesimasowa katika maeneo ya hifadhi ya wanyamapori ya Ruvuma, na palipo na hifadhi, mtu anayeonekana njiani na msumeno huulizwa maswali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndio wanaosimamia. Fundi aliyetoka kukata mwembe wa mtu kihalali anaweza kujikuta akijieleza kwa saa nyingi. Kikundi kinachojulikana kwa ofisa misitu, chenye daftari linaloonyesha kazi ya siku hiyo ilifanyika kwa nani na kwa mti gani, humwondolea mtu wake taabu hiyo. Na kikundi hicho hicho kinapaswa kuwa cha kwanza kumkana mwanachama anayeingia hifadhini usiku. Kikimficha mmoja, msumeno wa kila mwanachama utakuwa msumeno wa mwizi.

Siku ya kuanguka

Hatupendi kulitaja jambo hili, lakini ndilo linalokata hesabu. Kazi ya miti ni kazi ya kuanguka. Tawi huvunjika upande usiotarajiwa, ngazi huteleza, msumeno huruka. Aliyeajiriwa rasmi ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri wake huuchangia. Fundi wa kijijini hana mwajiri. Akivunjika mguu Novemba, msimu wa kupanda miche humpita akiwa kitandani, na mkewe huanza kuuza viriba kwa bei ya hasara.

Huko Pemba, ambako kila msimu wapo wanaoanguka kutoka juu ya mikarafuu, shirika la biashara la Zanzibar, ZSTC, limekuwa likitoa fidia kwa walioanguka, na fedha hizo huwezekana kwa sababu karafuu zote hupita mkono mmoja. Mbinga haina mkono kama huo kwa wakata matawi. Ina majirani. Mfuko wa kusaidiana wa kikundi, ambamo kila mwanachama huweka kiasi kidogo kila mwezi kwa nia ya kusaidiana wala si kwa kutafuta faida, hautalipa gharama zote za hospitali. Utalipa nauli ya kwenda Mbinga mjini au Songea, na utalisha nyumba wiki mbili za mwanzo, ambazo ndizo zinazowasukuma watu kwenye madeni mabaya. Kama ingekuwa lazima mwandishi ataje sababu moja tu ya kujiunga, angeitaja hii kabla ya mkopo na kabla ya zabuni.

Na hapo ndipo linapokuja jina katika fomu. Fomu nyingi za uanachama zina nafasi ya kuandika mtu wa kupokea hisa na akiba za mwanachama akifariki. Baba wa Kiislamu huandika jina la mtoto mkubwa, au la ndugu yake, akaenda zake. Anayeandikwa pale afahamishwe mapema kwamba anapokea kwa amana, na kwamba fedha hizo ni sehemu ya mirathi, zina warithi wake na mafungu yake: mke, mama, mabinti. Ugomvi mwingi wa misibani huanza kwa karatasi kama hiyo iliyojazwa haraka. Mke aione fomu kabla haijarudishwa, na nakala ibaki nyumbani.

Nani asijiunge, na nini aulize

Si kila mtu anufaike. Mzee anayepogoa mibuni ya ndugu zake wiki tatu kwa mwaka, akilipwa kwa mahindi, hana haja ya kadi. Mwenye kitalu kidogo cha matumizi ya nyumbani hana haja nayo pia. Na pale ambapo kikundi kimeundwa juma lililopita kwa sababu tu imesikika kwamba mkopo unakuja, heri kungoja mpaka mkopo huo utolewe au ukose kutolewa, kisha utazame nani amebaki.

Kwa wengine, maswali ni machache na yasionewe haya. Daftari la fedha liko kwa nani, na lilisomwa lini mbele ya wanachama wote? Nani wanasaini benki? Je, amewahi kufukuzwa mwanachama kwa kazi mbaya? Swali hili la tatu huwashtua viongozi, lakini ndilo lenye habari nyingi kuliko yote. Kikundi cha miaka mitano ambacho hakijamwonya hata mtu mmoja kwa miche mibovu, ama kina malaika watupu, ama hakikagui. Kitabu chetu kitukufu kimetuamuru kuandika madeni na kuweka mashahidi, tena katika aya ndefu kuliko zote; kwa hiyo anayeomba kuona daftari asionekane ana dhana mbaya kwa ndugu zake. Ndivyo alivyofundishwa.

Baada ya maswali, atoke nje. Amwombe mwenyekiti ampeleke kwenye shamba lililopogolewa na mwanachama msimu uliopita, na kwenye miparachichi iliyouzwa na kitalu chao miaka mitatu nyuma. Atazame matawi yaliyoachwa, aulize mwenye shamba amevuna nini, ashike kiungo cha mche kwa kidole. Mwenyekiti akinyanyuka mara moja na kushika njia, shilingi zile 42,000 zinaweza kutolewa. Akibaki kitini akionyesha cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani, fundi wetu aage kwa adabu, na fedha hizo kwa sasa anunulie mkasi mpya wa kupogolea na viriba vya mama watoto.